Math Mammoth au Singapore, mimba ikiwa imekulaza

Mimba hii imenilaza, kichefuchefu asubuhi mpaka usiku, na mtoto wa darasa la tatu namfundisha mwenyewe hapa Texas. Singapore, yaani vitabu vya hesabu vya mtindo wa Singapore, naipenda jamani, zile mistatili wanazochora kwenye mafumbo zinamfungua mtoto akili, ila kitabu mbali, mazoezi mbali, mwongozo wa mwalimu mbali, na we ndo unatakiwa ukae nae umuelezee kwanza. Math Mammoth, vitabu vingine vya hesabu, maelezo anaongeleshwa mtoto mwenyewe, mazoezi humohumo, unanunua PDF unaprinti. Ubaya wake kurasa zimejaa maswali hadi anakata tamaa, mi namwekea tiki nusu tu ndo afanye. Jana kaniletea 7 × 8 = 54, nimekumbatia ndoo, nikamuonyesha tu kidole arudie. Singapore tutairudia nikitoka arobaini.