Themometa ya mfano wa bastola: nyota mbili, au hata hizo ni nyingi

Niliitaka kwa sababu moja tu: mtoto akishalala, sitaki kumwamsha. Unalenga kwenye paji la uso, unabonyeza, namba inatokea papo hapo. Raha, si ndiyo? Haya, sikilizeni.

Usiku mmoja hivi karibuni mwanangu alikuwa anaungua. Shingo ukiigusa unashtuka, jasho linamchuruzika, nywele zimemganda usoni. Nikalenga: 36.2. Nikarudia: 36.4, na taa ya kijani ikawaka, eti mambo shwari. Nikaitafuta themometa yangu ya zamani, ile ya kijiti, nikamwekea kwapani mpaka ikalia. 39.1! Na kwapani huwa panasoma chini kuliko ndani ya mwili.

Asubuhi nikampigia aliyeniuzia. Hakunipa hata nafasi ya kumaliza. "Dada, kifaa hakidanganyi. Mikono ya akina mama ndiyo inayodanganya." Kisha akacheka. Nikamwambia sikutumia mkono, nimepima. Akasema vijiti ni mambo ya kizamani.

Kizamani? Kijiti kina themista kwenye ncha yake, kitu kidogo ambacho upinzani wake wa umeme hushuka kadiri joto linavyopanda. Kinagusa mwili, kinangoja mpaka kilingane nao, ndipo kinasema. Hii bastola haigusi chochote. Inanasa mionzi ya infraredi, yaani mionzi ya joto isiyoonekana kwa macho, inayotoka kwenye ngozi, halafu inakisia joto la ndani kwa kuongeza hesabu zake. Sasa jasho likikauka hupoza ngozi. Kwa hiyo ilipima ngozi iliyopoa, ikaongeza hesabu zake, ikaniwashia kijani. Ndicho kifaa kisichodanganya hicho!

Sisemi turudi kwenye zebaki. Ile ilikuwa na adabu yake: inatanuka, inapanda kwenye mrija, na ule mbano juu ya tungi unaizuia isishuke mpaka uikung'ute, kwa hiyo namba unaisoma kwa nafasi. Lakini kioo kikivunjika chumbani mwa mtoto ni balaa, na Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, uliweka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza themometa hizo. Sawa kabisa.

Nisiwe mkali kupita kiasi. Kwenye karatasi ya maelekezo, kwa maandishi ya kutoboa macho, wamesema ufute jasho, usubiri kidogo, na kifaa kiwe kimekaa chumba kimoja na mgonjwa kabla ya kupima. Nilipofanya hivyo siku nyingine, ilikaribiana na kijiti. Na ukiibadilisha ipime joto la vitu, kwenye chupa ya maziwa iko vizuri, sina neno. Nilikuwa tayari kuipa nyota tatu.

Halafu nikailenga ukutani, ikiwa bado kwenye kupima mwili. Ikakataa! Ikaandika kwamba joto ni la chini mno, bila namba. Kumbe kukataa inajua! Inajua kusema "hapa sipimi", ila kwa mtoto anayelowa jasho saa nane za usiku inatoa 36.2 bila wasiwasi wowote. Mama mwingine asiye na kijiti angezima taa akalala. Hapo ndipo hasira zinanirudia, na kile kicheko cha kwenye simu juu yake.

Sasa iko jikoni, na huko nako ina visa. Juzi niliilenga sufuria ya chuma inayong'aa, iko motoni, ikasoma kama imetoka kabatini, maana chuma kinachong'aa hutoa mionzi hiyo kidogo sana. Ukilenga uji uliomo ndani, inasema kweli. Basi, kwa uji nyota nne. Kwa homa, moja. Kwa muuzaji hakuna kitu, na akitaka kujua sababu anipigie yeye, safari hii nitakayecheka ni mimi.