Miaka mitatu ya biashara ya kimataifa Dodoma: uzoefu wangu

Shangazi yangu anauza mahindi Kibaigwa. Nilipomwambia nimechaguliwa kusoma biashara ya kimataifa Dodoma mjini, aliguna: "Mwanangu, si ndiyo hii tunayofanya hapa?" Kweli, soko lao lenyewe linaitwa la kimataifa, na Wakenya wanafuata mzigo hadi pale. Nilimwona hajaelewa. Kumbe mimi ndiye nilikuwa sijaelewa.

Chuo sikitaji. Ningekipa saba kwa kumi, na hizo saba karibu zote ni za mwaka wa pili, tulipoingia kwenye Incoterms, yale masharti 11 yanayosema hasara ya mzigo inahama lini kutoka kwa muuzaji kwenda kwa mnunuzi. Mwalimu alitumia wiki nzima kwenye FOB, sharti la mizigo inayopakiwa melini bandarini, sisi tukiwa Dodoma ambako maji mengi tuliyokuwa tunayaona ni ya ndoo. Alipofika FCA, sharti linalofaa hata mizigo ya lori, akaipitia haraka. Mimi nikacheka peke yangu. FCA ukikabidhi mzigo kwenye ghala lako, ukishapanda lori la mnunuzi wewe umemaliza, na ndivyo shangazi anavyouza tangu sijazaliwa: gunia likishakaa juu ya fuso, likilowa njiani halimhusu.

Tatu nilizokata ni za vitendo. Miaka mitatu sikuwahi kushika hata nakala ya hati halisi ya forodha. Asaimenti, slaidi, sapu moja ya takwimu (yangu, nakiri), bumu likichelewa tunakula ugali na maharage, basi.

Fildi ndiyo iliyonifungua macho. Nilikwenda Dar kwa wakala wa forodha, bosi akaniwekea mezani ankara, orodha ya vifungashio na cheti cha uasili (kinachoonyesha bidhaa imetoka nchi gani), akasema nitafute namba za HS, zile za kimataifa za kupanga bidhaa kiforodha, za mzigo wa alizeti. Mzigo ulikuwa na mbegu, mafuta na mashudu. Nikaviweka vyote 1206. "Dada, hapo mzigo wa watu umelala bandarini," akaniambia, hata hakukasirika. 1206 ni mbegu tu. Mafuta yako 1512, mashudu 2306. Zao moja, shamba moja, sura tatu tofauti za kitabu, na kila moja ina ushuru wake. Siku ile nilijifunza zaidi ya muhula mzima.

Kuhusu ajira, usitegemee tangazo lenye jina la kozi yako. Kwenye tovuti ya Sekretarieti ya Ajira nilikuwa nakuta Afisa Biashara wa halmashauri, ambayo tunagombania na watu wa kozi nyingine zote za biashara. Ununuzi nao wanataka usajili wa PSPTB, bodi ya wataalamu wa ununuzi na ugavi, kwa hiyo unarudi kwenye mitihani. Benki kuna dawati la barua za dhamana za wanunuzi wa nje (letters of credit, benki ikiahidi kumlipa muuzaji), ila nafasi zake ni chache na wanapenda aliyekwisha kaa benki. Njia iliyonifaa mimi ni kile cheti cha Afrika Mashariki cha mawakala wa forodha kinachosomwa Chuo cha Kodi. Laiti mtu angeniambia mwaka wa kwanza.

Sasa niko Singida, kwenye kiwanda kidogo cha kukamua alizeti, naandaa nyaraka za mashudu yanayokwenda Kenya. Mshahara ni wa kawaida, lakini simu za wafanyabiashara hazikatiki. Shangazi naye kaanza kupiga. Juzi anataka kujaribu kupeleka mzigo mwenyewe badala ya kuwangoja Wakenya. Nikamwambia mzigo usiozidi dola 2,000 una cheti cha uasili kilichorahisishwa, unakipata palepale mpakani, ila mahindi yanahitaji pia kibali cha kusafirisha nje na cheti cha afya ya mimea. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza fuso la kukodi hadi Namanga ni shilingi ngapi.