F-Droid kwenye simu isiyo na Play Store: uzoefu wangu wa miezi minane, Wete, Pemba

Simu yangu ni Huawei, niliinunua Darajani ikiwa imeshatumika. Picha inapiga nzuri na chaji inakaa, ila Play Store haina. Simu za Huawei zilizotoka baada ya vikwazo vya Marekani vya mwaka 2019 haziji na huduma za Google. Muuzaji akaniambia, "Utashusha tu mtandaoni."

Nikashusha kweli. Nilitaka programu ya kusomea PDF kwa ajili ya notisi za skuli, nikabonyeza tovuti ya mwanzo iliyotokea, nikairuhusu simu ipokee programu kutoka vyanzo visivyojulikana bila kusoma. Usiku ule ule matangazo yakaanza kufunguka yenyewe, na bando la wiki likaisha kwa siku mbili. Ikabidi fundi aifute simu yote. Picha za harusi ya mdogo wangu zikaenda na maji, na hadi leo zinaniuma.

Mtoto wa dada yangu anayesoma Unguja ndiye aliyenielekeza F-Droid. Ni duka la programu huru tu, lipo tangu 2010. Msimbo wa kila programu, yaani maandishi yanayoiunda, uko wazi, na nyingi watu wa F-Droid wanazijenga wao wenyewe kutokana na msimbo huo kabla ya kuziweka dukani. Huombwi akaunti, huombwi namba ya simu. Na programu ikiwa na kasoro, kama vile kuleta matangazo au kumfuatilia mtumiaji, imeandikwa pale pale kwenye ukurasa wake kabla hujaishusha. Mie hilo lilinigusa sana baada ya yaliyonikuta.

Ninayoitumia kila siku ni OsmAnd, programu ya ramani. Ramani niliishusha mara moja kwa Wi-Fi, sasa naenda Konde na Micheweni data ikiwa imezimwa.

Lakini kilichonifanya niipende hasa ni kugawana. Msimu wa karafuu tulikuwa shamba, tumekaa kwenye majamvi tunachambua, mtandao wa kubahatisha. Binamu yangu akaitaka ile ramani. Nikawasha hotspot, akajiunga, nikafungua ndani ya F-Droid sehemu ya kushirikiana na simu za karibu, akaelekeza kamera kwenye msimbo wa QR uliotokea kwangu, vidole vyake vimejaa utomvu wa vikonyo. Programu nne zikahamia kwake bila bando la mtu kuguswa. Bi mkubwa akauliza kama tumelipia.

Msitegemee kupata kila kitu. WhatsApp haimo, nimeichukua kwenye tovuti yao wenyewe. Programu za benki hazimo pia, na pesa za simu natumia menyu ya nyota kama zamani. Kutafuta kunasumbua, maana ukikosea herufi moja hupati kitu, na matoleo mapya huchelewa siku kadhaa.

Anayetaka kujaribu aandike f-droid.org mwenyewe juu kwenye kivinjari, asipitie kiungo alichotumiwa kwenye magrupu. Kivinjari kitaomba ruhusa ya kuweka programu, kipe. Ukishamaliza, rudi kwenye mipangilio uizime, uiachie F-Droid peke yake. Ruhusa hiyo mie niliiacha wazi wiki nzima.