KoboToolbox langoni mwa uwanja: tathmini ya mhadhiri kutoka Kisumu

Aliyewahi kusimama langoni mwa Uwanja wa Bukhungu, Kakamega, akiwa na rundo la hojaji mkononi huku mvua ya alasiri ikianza kunyesha, anajua kwa nini niliamua kuachana na karatasi. Wino huchujuka na kurasa hushikamana, lakini hayo bado ni madogo. Kubwa zaidi hujitokeza wiki tatu baadaye, tunapoingiza majibu kwenye kompyuta na kumkuta shabiki aliyesema hajawahi kununua tiketi kwa simu, kisha akaueleza vizuri urahisi wa kuinunua. Kufikia hapo shabiki huyo amekwisha kwenda zake, na hatuna njia ya kumpata tena.

Kwa misimu miwili sasa nimekuwa nikitumia KoboToolbox, chombo cha kukusanyia majibu ya hojaji kwa simu, katika utafiti wangu na katika somo la mbinu za utafiti ninalowafundisha wanafunzi wa mifumo ya habari na wa usimamizi wa michezo. Chombo hiki kilianzia Harvard Humanitarian Initiative, katika Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani, na kilikusudiwa wafanyakazi wa misaada ya kibinadamu. Ninaamini ndiyo sababu kinatufaa, kwa kuwa kiliundwa kwa ajili ya mahali ambapo mtandao si wa kutegemewa. Hojaji hutengenezwa kwenye tovuti, kisha hupakuliwa katika programu ya KoboCollect kwenye simu ya Android. Msaidizi wa utafiti anaweza kuhoji watu mchana kutwa bila bando, na majibu yakabaki simuni hadi atakapopata mtandao wa kuyatuma. Mwenye iPhone hulazimika kupitia kivinjari, kwa hiyo mimi huwashauri wasaidizi wangu waje na simu za Android.

Utafiti wenyewe unahusu jinsi mashabiki wa kandanda wanavyoipokea tiketi inayolipiwa kwa M-Pesa. Tuliujenga juu ya modeli ya ukubalifu wa teknolojia aliyoichapisha Fred Davis mwaka wa 1989, yenye maswali sita yanayopima manufaa na sita yanayopima urahisi wa kutumia. Katika Kobo niliweka sharti kwamba anayejibu kuwa hajawahi kununua tiketi kwa simu asiulizwe sehemu ya urahisi kamwe. Niliongeza kizuizi kwenye umri, ili ikiandikwa 17 simu ikatae kuendelea na kuonyesha ujumbe tulioutunga wenyewe kwa Kiswahili. Kosa linanaswa mhojiwa akiwa bado amesimama mbele yako, na kwa maoni yangu hiyo pekee inatosha kukipa chombo hiki nafasi katika idara yoyote inayotuma wanafunzi nyanjani.

Sehemu iliyonivutia kuliko zote ni lugha. Hojaji moja inaweza kubeba tafsiri kadhaa, nasi tuliweka Kiswahili na Dholuo pamoja na Kiingereza. Siku ya kwanza ya majaribio mjini Kisumu, msaidizi mmoja alirudi akiwa na wasiwasi kuhusu neno "yot" tulilolitumia kwa maana ya urahisi, kwa kuwa kwa Dholuo neno hilo hubeba pia maana ya wepesi, na mzee mmoja alikuwa amejibu kuhusu uzito wa simu yake. Jioni hiyohiyo tulibadilisha sentensi ikawa "ok tek", yaani si vigumu, tukaisambaza upya hojaji, na asubuhi simu zote zikapakua toleo jipya. Kila jibu huhifadhiwa pamoja na alama ya toleo lililotumika, hivyo niliweza kuyatenga majibu ya siku ya kwanza badala ya kuyachanganya na mengine bila kujua. Kwa karatasi tungechapisha upya nakala zote, au, jambo ambalo wengi wetu tumelifanya, tungenyamaza tu.

Darasani faida yake ni ya namna nyingine. Mwanafunzi anayeandaa hojaji kwa lahajedwali hulazimika kuamua kila swali ni la aina gani, linamhusu nani na jibu lipi halikubaliki. Wengi hugundua papo hapo kwamba nusu ya maswali yao hayana kazi katika uchambuzi. Mimi mwenyewe nilikosea sharti moja, nikawafungia mashabiki wote wa kike sehemu ya mwisho, na tuligundua tu kwa sababu nilikuwa nimewaagiza wanafunzi wahojiane kabla ya kuondoka chuoni. Tangu hapo zoezi hilo ni la lazima.

Upungufu upo. Michoro inayotolewa kwenye tovuti inafaa kutazamwa kwa haraka, lakini uchambuzi wenyewe utahitaji kuhamisha data hadi programu za takwimu kama SPSS au R. Akaunti ya bure ina kikomo, na mradi mkubwa unapaswa kukikagua kabla ya kuanza. Suala linalohitaji uangalifu zaidi ni kwamba akaunti hufunguliwa kwenye seva ya kimataifa au ile ya Umoja wa Ulaya, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 ina masharti kuhusu kupeleka taarifa binafsi nje ya Kenya. Kwa hiyo hatuchukui jina, nambari ya simu wala picha ya shabiki, hata kama chombo kinaruhusu. Mahali alipo mhojiwa tunaandika jina la uwanja, basi, wala hatuwashi GPS.

Ningekipa nyota nne kati ya tano, na ningemshauri mhadhiri mwenzangu wa Maseno, Bondo au Njoro aanze na hojaji fupi ya maswali kumi. Majibu yasiyotumwa hupotea pamoja na simu ikiibwa au kuharibika, kwa hiyo mechi ikiisha sisi hukusanyika nje ya lango, kila mmoja akafungua orodha ya fomu zilizo tayari kutumwa, na hakuna anayepanda matatu kabla orodha yake haijawa tupu.