Samaki wa Japani waliohaririwa jeni: mmoja nitarudia, mwingine hapana

Watu wananiuliza wale samaki wa huku Japani waliochezewa jeni, yale maelekezo ya kurithi yanayoongoza mwili, wakoje mdomoni, basi haya. Nimekula wawili, madai, huyu kwa sura mchukulie kama changu, na bunju, ndiyo, bunju huyuhuyu wa sumu mnayemjua watu wa pwani, ila huku lazima asafishwe na mtu mwenye leseni ndo auzwe.

Madai nampa tano kwa tano. Ile jeni inayozuia misuli isizidi imezimwa, kwa hiyo mgongo umejaa kweli, wafugaji wenyewe wanasema mnofu ni kama mara 1.2 ya wa kawaida na chakula anachotumia kimepungua kama asilimia 14, na mi kwenye sashimi, yaani vipande vya samaki mbichi, nilikuta vipande vinene, nyama laini kidogo lakini sio ya majimaji, harufu ngeni hamna, ungenifunga kitambaa machoni nisingejua.

Bunju ndo sikumwelewa. Yeye wamezima jeni ya kupokea leptini, homoni inayomwambia mnyama kwamba ameshiba, sasa anakula tu bila breki na anakua karibu mara 1.9 ya mwenzake. Ladha ni ya kutafuta kwa tochi, soya na ndimu ndo zinafanya kazi yote, halafu hii habari ya kiumbe asiyejua kushiba ilinikaa rohoni kila nikitafuna. Na sio mimi tu, kule Miyazu, mji ulivyomweka kwenye zawadi unazowapa watu wanaouchangia sehemu ya kodi yao, kuna wakazi walikuja juu.

Kwa uwazi wauzaji nawapa heko, wameandika kabisa kwamba jeni imehaririwa na sheria haiwalazimishi, maana hakuna jeni ya kiumbe kingine iliyoingizwa, ilitosha kutoa taarifa wizarani 2021 wakaanza kuuza. Wanafugwa kwenye matangi nchi kavu wasije wakatorokea baharini.

Sasa bei jamani! Mfugaji anaokoa chakula, samaki ana nyama zaidi, afu mi mteja sijaona hata yeni moja iliyoshuka. Tunaambiwa haya mambo ni ya kulisha dunia, mbona wameanza na kitoweo cha sherehe? Nileteeni sato. Argentina walishaamua 2018 kwamba sato aliyehaririwa hahesabiwi GMO, yaani kiumbe kilichopandikizwa jeni ngeni, kwa hiyo sio ndoto. Kwa sasa madai nitanunua siku nikipata mgeni, bunju mnisamehe.