Mkufunzi wa mbwa anayefika nyumbani, Malindi: tathmini ya huduma yake

Huduma ninayoitathmini hapa ni ya mkufunzi wa mbwa mjini Malindi ambaye hana ofisi wala uwanja wa mazoezi, bali huja nyumbani kwa mteja, hukaa kwa muda wa saa moja na zaidi kidogo, na huondoka akiacha mpango ulioandikwa kwa mkono wa namna ya kumfunza mtoto wa mbwa mambo ya msingi. Malipo ni shilingi 2,000 kwa ziara ya kwanza na 1,500 kwa kila ziara inayofuata, na anayekaa mbali na mjini humwongezea nauli ya tuktuk. Sitamtaja jina, kwa kuwa baadhi ya niliyo nayo ya kusema hayatamfurahisha. Hata hivyo mji wetu ni mdogo, na anayemtaka ataelekezwa.

Wengi humwita mkufunzi wakitarajia kwamba atamchukua mbwa, atakaa naye, kisha atamrudisha akiwa na adabu zake zote. Huyu hakubali kazi ya namna hiyo, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo sababu kubwa ya kumlipa. Katika ziara ya kwanza karibu hakumgusa mbwa wetu kabisa. Aliketi barazani, akaomba waitwe wote wanaoishi au kufanya kazi nyumbani kwetu, yaani mke wangu, watoto, dada wa kazi, na askari wa usiku ambaye ndiyo kwanza alikuwa anaingia zamu. Akawauliza mmoja mmoja ni nani huamka wa kwanza, ni nani humpa mbwa chakula, mlango upi hukaa wazi mchana kutwa, na ni nani humfukuza mbwa jikoni na kwa maneno gani. Ilibainika kwamba kila mtu alikuwa na neno lake la kumwita na lake la kumkataza, na kwamba askari, kwa huruma tu, alikuwa akimkatia kipande cha chapati kila usiku wa manane. Mkufunzi aliyaandika yote hayo kabla ya kuandika lolote kumhusu mbwa mwenyewe.

Mpango aliouacha ni karatasi moja iliyobandikwa mlangoni pa jikoni, na kiini chake ni ratiba ya siku. Mtoto wa mbwa wa miezi miwili hulala kwa jumla saa 18 hadi 20 katika siku nzima, hivyo muda wa kumfunza ni mdogo kuliko tunavyodhani, na mkufunzi aliugawa katika vipindi vya dakika 3 hadi 5 vilivyotawanywa kabla ya milo. Alisisitiza kwamba dakika 5 mara nne kwa siku zinafaa kuliko nusu saa nzima ya kumkazania, kwa sababu mbwa mchanga akichoka huanza kung'ata na kurukaruka, nasi hudhani ni ukaidi. Kila jukumu liliandikiwa mtu wake: wa alfajiri, wa adhuhuri, wa jioni, na wa kumtoa nje kabla ya kulala.

Suala la choo lilichukua sehemu kubwa ya mazungumzo, na sioni kwamba lilizidishwa. Kanuni aliyoitumia ni kwamba mtoto wa mbwa huweza kujizuia kwa takriban saa moja kwa kila mwezi wa umri wake, ukiongeza saa moja. Kwa hiyo wa miezi miwili hafikishi zaidi ya saa tatu, na akiwa macho anacheza muda huo hupungua sana. Hutolewa nje mara tu anapoamka, baada ya kula, baada ya kucheza, na kila aonekanapo akinusa sakafu huku anazunguka. Tulichagua kona moja ya ua, chini ya mwarobaini, penye kivuli hata saa saba mchana, maana wakati wa kaskazi mchanga ulio juani huunguza nyayo, na mbwa anayeungua hukimbilia ndani kabla ya kumaliza shughuli yake. Pale pale anapomaliza, si baada ya kurudi mlangoni, ndipo husifiwa na kupewa kipande cha chakula. Akijisahau ndani ya nyumba haadhibiwi, na desturi ya kumsugua pua katika mkojo wake mkufunzi aliikataza kabisa, kwa kuwa mbwa hawezi kuihusisha adhabu hiyo na jambo lililokwisha kupita. Anachojifunza ni kujificha nyuma ya kabati anapobanwa.

Katika jambo hilo hilo alitupa ushauri ambao peke yake nauona unastahili nauli yake. Sakafu yetu ni ya saruji, nasi tulikuwa tukiipiga deki kwa dawa yenye harufu kali tukidhani tumeondoa kila kitu. Alieleza kwamba pua ya mbwa bado huuona mkojo chini ya manukato hayo, na kwamba dawa zenye amonia hufanana na mkojo wenyewe na humwita arudi hapo hapo. Tukaanza kusugua kwa maji ya sabuni, kisha siki iliyochanganywa na maji, na kuacha pakauke. Pembe ya sebule iliyokuwa imegeuzwa choo imesahauliwa.

Mafunzo ya kuketi, kuja anapoitwa na kuacha kitu alichokishika hayakuwa na miujiza, ila nilipenda kumwona anavyoyafanya. Alichuchumaa, akabana kipande cha ini lililochemshwa kati ya vidole viwili, akakisogeza juu ya pua ya mbwa na kukirudisha nyuma polepole kuelekea masikioni. Kichwa kikainuka kufuata harufu, makalio yakashuka yenyewe, na yalipogusa tu sakafu akasema "Vyema!" na ini likatoka mkononi. Hakumsukuma mgongo wala hakurudia amri. Neno lile la sifa, alisema, ni lazima litoke katika sekunde ile ile ya tendo, kwa sababu likichelewa mbwa atadhani anasifiwa kwa kuinuka. Chakula cha kumtuza kiwe kidogo kama ukucha wa kidole. Vipande vya ini au dagaa waliokaushwa bila chumvi vinafaa. Ng'onda, yaani samaki mkavu wa chumvi, tulikatazwa kwa ajili ya chumvi yake, na pia mifupa ya kuku iliyopikwa, ambayo hupasuka vijiti vyenye ncha na kuweza kutoboa utumbo. Vitunguu na chokoleti ni sumu kwa mbwa, jambo ambalo watoto hawakulipenda kwa upande wa chokoleti.

Lakini palipompambanua mkufunzi huyu na mafunzo ya video za intaneti ni langoni. Sisi tunaishi mtaa ambao majirani wengi ni Waislamu, na njia ya kwenda msikitini inapita mbele ya lango letu. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi katika pwani hii, mate ya mbwa ni najisi nzito, na yanapogusa nguo au mwili panahitajika kuoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa maji yenye udongo. Kufuga mbwa wa kulinda, wa kuwinda au wa kuchunga mifugo kumeruhusiwa, kwa hiyo jirani hana neno na mbwa kuwapo. Ana neno na mbwa anayemrukia akiwa na udhu wake. Video nyingi za Ulaya humzoeza mbwa kusalimiana na wageni na kushikwashikwa na wapita njia. Kwetu mbwa wa namna hiyo huvunja ujirani kabla hajavunja kikombe.

Mkufunzi alilitengea jambo hili ziara nzima. Alimfunga mbwa kamba, akasimama naye hatua kadhaa ndani ya lango lililo wazi, akangoja watu watoke msikitini. Kila alipopita mtu, mbwa akimtazama kisha akigeuza uso kwetu, alipewa dagaa mmoja. Akivuta kamba, hakupewa kitu, bali alisogezwa nyuma mpaka umbali anaoumudu. Mzee jirani yetu, mtu mzima wa kuheshimika, alisimama ng'ambo akiangalia, na mkufunzi akamwamkia kwa adabu.

"Shikamoo, mzee. Tunamfunza asisogelee watu."

"Marahaba, mwanangu. Na kanzu yangu je?"

"Hasa kanzu yako, mzee."

Mzee akacheka, akakubali kupita na kurudi mara mbili tatu ili mbwa amzoee. Kanuni tuliyoachiwa ni kwamba lango halifunguliwi mpaka mbwa ameketi, na mgeni hasalimiwi mpaka miguu yote minne iko chini. Anayemkaribisha mbwa kwa kelele na kumpigia makofi, hata akiwa shemeji aliyetoka Mombasa, huombwa aache. Naona hapa ndipo mpango mzuri wa kumfunza mbwa wa pwani unapotakiwa kuanzia, na sijakutana na mkufunzi mwingine anayelifikiria jambo hilo.

Kuhusu chanjo, mkufunzi ni mkali, na ana haki. Hakuingia uani kabla ya kuona kadi. Chanjo za parvo na distempa, magonjwa mawili ya virusi yanayoua mbwa wachanga, huanza mbwa akiwa na wiki 6 hadi 8, hurudiwa kila baada ya wiki 2 hadi 4 mpaka afikishe wiki 16 hivi, na ya kichaa cha mbwa huchomwa akiwa na miezi mitatu, kisha hurudiwa kila mwaka. Ugumu ni kwamba umri ambao mbwa huzoea mambo mapya kwa urahisi ni kuanzia wiki ya 3 hadi kama ya 14, yaani kabla chanjo hazijakamilika, na virusi vya parvo hudumu ardhini kwa miezi mingi mahali walipopita mbwa koko. Suluhisho lake ni kumbeba. Dada wa kazi humtia kikapuni, wakakaa ukingoni mwa barabara wakitazama bodaboda, tuktuk, punda wenye mikokoteni na kina mama wenye mabuibui, bila mbwa kukanyaga chini. Kenya imejiwekea lengo la kumaliza vifo vya binadamu vinavyotokana na kichaa cha mbwa ifikapo 2030, na karibu maambukizi yote kwa watu hutokana na kung'atwa na mbwa, hivyo mtu anayelegeza chanjo hawezi kudai kwamba anafunza mbwa wake adabu.

Sasa ya lawama. Kwanza, hana saa. Aliyeahidi kufika saa kumi alasiri aliwahi kufika karibu na magharibi, wakati ambao watoto wana chuo cha Kurani, mbwa ana usingizi, na mwenye nyumba ana njaa. Pili, anauza vifaa, na bei zake za kamba na mikanda ya shingo ni kubwa kuliko za madukani, ingawa hamlazimishi mtu. Tatu, na hili ndilo zito kwangu, baada ya wiki kadhaa za kazi njema ya kumtuza mbwa alikuja na mnyororo wa kubana shingo na kupendekeza tuutumie kumfunza kutembea, eti kwa kuwa "huyu ni mbwa wa ulinzi". Mbwa huyo hakuwa na hata miezi mitano, meno yake ya utotoni yalikuwa bado yanadondoka, na shingo ya umri huo si ya kubanwa. Nilikataa, naye hakubishana, lakini mteja asiyejua angekubali, na kazi yote ya langoni ingeharibika, maana mbwa anayeumia kila aonapo mpita njia hujifunza kumchukia mpita njia.

Upungufu mwingine ni kwamba hana njia ya kuwakutanisha watoto wa mbwa waliokwisha chanjwa ili wacheze pamoja. Kuumana kwao kwa mchezo ndiko kunakomfunza mbwa kupima nguvu ya meno, na badala yake ametuachia zoezi la kusitisha mchezo na kuondoka kila meno yanapogusa ngozi. Linasaidia, ila polepole, na mikono ya watoto wangu ni ushahidi.

Nimemuuliza pia, kwa niaba ya ndugu aliye Lamu, kama huvuka huko. Havuki, na mwisho wake ni Watamu. Sidhani mpango wake ungefaa Mji wa Kale wa Lamu bila kubadilishwa, kwa sababu katika vichochoro vile hakuna umbali wa kumrudisha mbwa nyuma, na kila kona ina punda na paka.

Anayefikiria kumwita ningemshauri amwite kabla mbwa hajafika nyumbani, si baada ya mazulia kuharibika, kwa kuwa thamani yake iko katika ile ziara ya kwanza ya kuwapanga watu. Ziara za kufuatia mbili au tatu zinatosha kwa kaya yenye nidhamu ya ratiba. Ambaye nyumba yake haina mtu mchana asipoteze fedha, maana karatasi ile itabaki mlangoni bila wa kuitekeleza. Malipo ni kwa kila ziara, baada ya kazi, kwa M-Pesa, na hadi sasa hajawahi kudai fedha ya mbele.

Mimi nimeagiza ziara nyingine ya mwezi ujao, ili atuoneshe namna ya kumtembeza mbwa kwa kamba ufukweni Silversand maji yakiwa yametoka. Nimemwambia aje saa kumi na mbili asubuhi, na mnyororo auache kwake.