MuscleWiki, timazi na kiuno changu

Mwaka jana kiuno kilinikamata nikinyanyua chuma, nikakaa wiki mbili siwezi kupiga randa. Mimi ni seremala wa Keko, Dar es Salaam, nina miaka 46, na jioni hufanya mazoezi na vijana nyuma ya karakana. Tuna bomba moja la chuma, ndoo za rangi za lita 20 zilizokatwa nusu na kujazwa saruji, na benchi nililoliunda mwenyewe. Ushauri wa pale ni mmoja tu: "Fundi, kaza mkanda, beba." Nikakaza mkanda, nikabeba.

Aliyenifungulia MuscleWiki, tovuti ya kuonyesha mazoezi, kwenye simu ni binti yangu wa kidato cha pili. Kabla ya hapo nilikuwa nahangaika kutafuta video, lakini ukitaka kutafuta lazima ujue jina la zoezi, na sisi pale tunasema "ile ya kuokota" na "ile ya kuchuchumaa", basi. Huku jina halihitajiki. Unakuta mchoro wa mwili, mbele na nyuma. Unagusa msuli unaoutaka (mimi niligusa mgongo kwa chini, palepale paliponiuma), unachagua kifaa ulichonacho: chuma kirefu, dambeli au mwili wako mtupu. Mazoezi yanajipanga, kila moja na video fupi zinazojirudia, ya mbele na ya ubavuni, na chini yake maelezo ya hatua chache. Hakuna jamaa wa kukusalimia dakika tano kabla hajashika chuma. Kwa sisi wa bando la wiki hilo si dogo. Naifungua kwenye kivinjari tu, sijalipa hata senti.

Video ya ubavuni ya ile ya kuokota ndiyo iliyoniumbua. Yule wa kwenye video anarudisha makalio nyuma kwanza, mgongo umenyooka kama ubao uliotoka kwenye randa, chuma kinapanda kikiambaa na miundi. Mimi chuma nilikiacha mbele huko, mgongo nimeupinda kama mtu anayeokota msumari. Maelezo tuliyasoma kwa Kiingereza, binti akinitafsiria. Akakwama kwenye neno moja linalohusu nyonga, akafungua kamusi, akasoma: "bawaba". Hakuwa na haja ya kuendelea. Nimefunga bawaba miaka 22, najua kipi kinakunjika na kipi kinabaki kimenyooka.

Ila video haikuoni. Unaweza kuitazama mara 20, ukasimama ukaamini unafanya vilevile, kumbe wapi. Nilichofanya ni kuning'iniza timazi, ule uzi wenye kizito wa kupimia wima, kwenye boriti ya banda, uzi ushuke jirani na ncha ya chuma, usawa wa katikati ya unyayo wangu, binti akanirekodi kutoka ubavuni. Chuma kinatakiwa kipande wima juu ya hapo. Changu kiliukimbia uzi kwa upana wa kiganja! Sasa vijana waliokuwa wananicheka ndio wanaokuja kuazima timazi kwangu.

Kuna jambo jingine ambalo wa mitaani tuliangalie. Pleti kubwa za jimu zina kipenyo cha sentimita 45, kwa hiyo chuma kikiwa chini kinakaa sentimita 22.5 juu ya sakafu. Ndoo zetu nilizipima, sentimita 28. Maana yake chuma chetu kinalala sentimita 14 tu kutoka chini, na ukimwiga yule wa kwenye video unainama sentimita 8 na nusu zaidi yake. Mgongo wa umri wangu unazihesabu zote. Nikakata mabaki ya mninga, nikayapanga chini ya ndoo mpaka kimo cha hizo sentimita 8 na nusu, nikapigilia kizuizi ukingoni ndoo zisibingirike. Tangu siku hiyo kiuno kimetulia.

Kwa ile ya kuchuchumaa, tazama zaidi video ya mbele: magoti yanafuata vidole vya miguu, hayaingii ndani. Pushapu nazo zipo, sikuzikalia sana.

Anayependa kusoma kuliko kutazama aende ExRx.net, tovuti ya tangu 1999. Kule kila zoezi limeandikiwa namna ya kujiandaa na namna ya kutekeleza, kisha msuli unaolengwa, inayosaidia na inayoshikilia mwili usiyumbe. Binti aliona kama kitabu cha baiolojia. Mimi naipenda, ila lazima yeye awepo.

MuscleWiki naipa nyota nne. Ya tano namwachia binti na timazi.

Juzi tulibeba mzigo wetu hadi kwa jirani anayenunua vyuma chakavu, tukaomba mzani. Kilo 61, bomba likiwemo. Akauliza kama bomba tunaliuza.